Ramani ya Moshi Si Kipimo cha Moshi

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zimenibana. Lakini leo nina hasira kidogo, kwa hivyo mnivumilie.

Majuzi nilikuwa kwenye mkutano wa waandaaji programu hapa Nairobi. Kijana mmoja, mwerevu sana na sisemi hivyo kwa kejeli, alituonyesha programu ya simu aliyoitengeneza. Ukiifungua unaona ramani, na ramani imejaa rangi: kijani, manjano, nyekundu, zambarau. Ukigusa mahali penye moto wa msitu inakwambia hapo hewani kuna moshi kiasi gani, hadi nukta moja ya desimali. Watu wakapiga makofi. Hata mimi nikapiga.

Kisha mtu wa nyuma akauliza, hizi namba zinatoka wapi? Kijana akajibu: "Setilaiti na akili unde." Yule mtu akaendelea: na ndege za utafiti, zile zinazoingia ndani ya moshi zikapima? Ukumbi ukacheka. Kijana akasema ndege ni mambo ya kale, nani achome mafuta ya ndege kwenda kunusa moshi wakati setilaiti inaona dunia nzima kila siku?

Sikusema kitu siku ile kwa sababu sipendi kumwaibisha mtu mbele ya watu. Lakini nimelifikiria kwa siku kadhaa na nimeona nisiponena nitakuwa mnafiki. Ile desimali moja kwenye simu yake haikutoka kwa setilaiti. Sehemu kubwa yake ilitoka kwa ndege. Na sisi watu wa tarakilishi tukiendelea kuwaambia watu vinginevyo, tutakuwa tunawauzia mbuzi kwenye gunia.

Setilaiti inaona nini hasa?

Setilaiti haijawahi kunusa kitu. Inapima mwanga na joto tu. Chombo kama VIIRS hupita juu, kinaona kijipande cha ardhi chenye joto lisilo la kawaida, kinasema "hapa pana moto". Kinaona pia mwanga wa jua umetawanywa kiasi gani na vitu vilivyo hewani, lakini hesabu hiyo ni ya safu nzima ya hewa, kutoka ardhini mpaka juu kabisa. Moshi ulio kilomita tano angani na moshi ulio puani mwako, kwake vinafanana sana. Tarehe 7 Juni 2023 moshi wa misitu ya Kanada ulishuka New York na mji ukageuka rangi ya chungwa, watu wakavaa barakoa. Lakini zipo siku nyingi ambapo moshi hupita juu juu, ramani inakuwa nyekundu na watu chini wanapumua hewa safi. Na mawingu yakitanda, setilaiti haioni kitu.

Kuna zinazokaa mahali pamoja angani, kweli. TEMPO iliyorushwa 2023 inaitazama Amerika Kaskazini kila saa mchana. Meteosat inaitazama Afrika na kuona mioto kila baada ya dakika chache, ila pikseli zake ni kubwa na mioto midogo inapotea humo ndani. Vyote ni vyombo vizuri. Sivitukani.

Tatizo langu ni hatua inayofuata, ile ambayo kijana wetu aliiruka. Setilaiti imeona joto. Kutoka kwa joto unakadiria kilo ngapi za miti na nyasi zimeungua. Sawa. Sasa kilo moja ya kuni inatoa gramu ngapi za kaboni monoksaidi? Gramu ngapi za chembechembe zile ndogo, PM2.5, ambazo zinaingia mapafuni na kupita mpaka kwenye damu? Hapo msimbo wako unafungua jedwali. Safu moja aina ya mimea, safu ya pili namba. Kilo mara namba, umepata moshi. Namba hiyo tuiite kizidishi.

Nani alipima kizidishi? Setilaiti haikuweza. Ama mtu alichoma kuni maabara chini ya dohani, kama wanavyofanya kule Missoula, Montana, ama mtu alipanda ndege akaingia ndani ya moshi. Akili unde nayo ilifundishwa kwa namba hizo hizo. Ukiilisha kizidishi kibovu itakupa ramani mbovu yenye rangi nzuri.

Ndege inavyofanya kazi

Nitatumia mfano ninaoupenda. Mwaka 2019 NASA na NOAA walifanya kampeni iitwayo FIREX-AQ. Ndege kubwa ilikuwa DC-8, ndege ya abiria iliyoundwa 1969, ikatolewa viti na kujazwa mitambo. Ilikaa kwanza Boise, Idaho, kufuata mioto ya misitu ya magharibi, kisha ikahamia Salina, Kansas, kufuata mioto midogo ya mashamba na ile inayowashwa makusudi. Ndege mbili ndogo aina ya Twin Otter zilisaidia, na ER-2 iliruka juu sana ikitazama chini kama setilaiti ili wapate kulinganisha.

DC-8 haikuwa inazunguka moto kama tai. Ilikata moshi kwa upande, kama mtu anayevuka mto. Inavuka karibu na moto, inageuka, inavuka tena mbali zaidi chini ya upepo, inageuka, inavuka tena. Kwa njia hii wanaufuata moshi ule ule unavyozeeka. Mabomba yaliyochomoza ubavuni huvuta hewa ndani. Leza hupima gesi, mitambo mingine hupima chembechembe zina uzito gani na zimeundwa na nini, na lida hutupa mwanga juu na chini kuona tabaka za moshi.

Kwa kasi ya mita 200 kwa sekunde, moshi wenye upana wa kilomita 5 unauvuka kwa sekunde 25. Mtambo unaopima mara moja kwa dakika hauna maana humo. Ndiyo sababu mitambo hii ni ghali na ndiyo sababu haitoshei kwenye simu yako!

Sasa hesabu, na ni hesabu tamu. Tuseme nje ya moshi kaboni dayoksaidi ni sehemu 410 kwa milioni, ndani ni 450. Imezidi 40. Kaboni monoksaidi nje ni 0.1, ndani ni 4.1. Imezidi 4. Karibu kaboni yote iliyokuwa kwenye mti imekuwa mojawapo ya gesi hizo mbili, kwa hivyo jumla ni 44. Gawanya 40 kwa 44, unapata 0.91. Namba hii inakwambia moto unawaka vipi. Ikikaribia 0.95 au zaidi ni ndimi za moto safi. Ikishuka kuelekea 0.85 au chini yake ni moto wa kufukiza, ule wa magogo na mizizi yanayofuka bila mwale.

Nusu hivi ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, yaani gramu 500 kwa kilo. Zidisha 500 kwa 28/12, kisha kwa 4/44. Jibu: gramu 106 za kaboni monoksaidi kwa kilo ya kuni. Namba nilizoanza nazo ni za mfano tu, lakini njia ni hiyo hiyo wanayotumia. Na tazama uzuri wake: haijalishi moshi umechanganyika na hewa safi kiasi gani, kwa sababu unalinganisha gesi mbili zilizosafiri pamoja. Huhitaji kujua upana wa moto wala kasi ya upepo. Unahitaji kitu kimoja tu. Kuwa ndani ya moshi.

Bei ya kutopima

Kuna anayesema, hata kizidishi kikikosea kidogo, si kitu. Kidogo?

Mwaka 2013 ndege mbili za utafiti, ile DC-8 na nyingine ya Wizara ya Nishati ya Marekani, ziliingia ndani ya moshi wa mioto ya magharibi, ukiwemo Rim Fire ulioteketeza misitu karibu na Yosemite, California. Matokeo yalichapishwa 2017. Yalionyesha kwamba chembechembe ndogo zinazotoka kwenye mioto ya majimbo ya magharibi zilikuwa zaidi ya mara tatu ya zile zilizoandikwa kwenye orodha rasmi ya serikali. MARA TATU. Vizidishi vya mioto inayowashwa makusudi, katika hali ya hewa tulivu, juu ya majani na vijiti, haviwezi kubeba moto wa kiangazi unaokula magogo mazima na udongo wenye mboji.

Jiulize ni ramani ngapi, ripoti ngapi, maamuzi mangapi ya kufunga shule au kutofunga, yalitegemea orodha ile. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linasema PM2.5 isizidi wastani wa mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa siku. Ukikosea mara tatu, 15 yako ni 45. Mwenye pumu hana nafasi ya kukosea namna hiyo. Na hakuna setilaiti iliyogundua kosa lile. Liligunduliwa na watu waliokaa ndani ya ndege inayotikisika wakinusa harufu ya moshi.

Kuna jambo la pili. Moshi hubadilika njiani. Tarehe 8 Agosti 2019 DC-8 iliufikia moto wa Williams Flats katika jimbo la Washington siku ambayo joto lake lilizaa wingu la radi, na ndege ikapima moshi ukiwa unapandishwa juu angani ndani ya wingu. Katika saa za mwanzo, chembechembe nyingine hurudi kuwa mvuke moshi unapotawanyika, na nyingine mpya huzaliwa kwa kemia ya jua. Unapima kwenye chanzo, mtu anapumua kilomita 100 mbele: si moshi ule ule. Programu inayosukuma moshi kwenye ramani kama wino kwenye maji haijui hili isipoambiwa, na anayeiambia ni ndege.

Na mimi pia nimekosea

Msije mkasema najifanya mtakatifu. Data za FIREX-AQ ziko wazi, mtu yeyote anaweza kuzishusha. Nilizishusha. Ziko kwenye faili za maandishi za mtindo uitwao ICARTT, jina lililotokana na kampeni ya 2004. Mstari wa kwanza unakwambia kichwa cha faili kina mistari mingapi. Nzuri kabisa, mtoto wa shule anaweza kuandika msimbo wa kuisoma.

Nikaandika, nikatafuta wastani wa kaboni monoksaidi, nikapata namba hasi! Nikakaa usiku mzima nikitafuta hitilafu kwenye msimbo. Kumbe sikusoma kichwa cha faili. Mtambo usipokuwa na kipimo huandika -9999, nami nilikuwa nimejumlisha hizo zote. Nikaziondoa. Wastani ukawa mzuri, nikafurahi. Baada ya siku mbili nikagundua kuna -8888 pia, na hiyo maana yake ni tofauti kabisa: mtambo umepima, lakini kiasi kiko chini ya uwezo wake wa kuona. Ukiitupa pamoja na -9999 unatupa hewa safi, na moshi wako unaonekana mwingi kuliko ulivyo.

Halafu kuna saa. Hewa huchukua muda kupita kwenye bomba, na kila mtambo una bomba lake. Usipozilinganisha saa, kaboni monoksaidi ya ndani ya moshi unaigawanya kwa kaboni dayoksaidi ya nje ya moshi. Jibu litatoka tu, tarakilishi haina aibu. Itakuwa takataka yenye desimali nne.

Nawaambia haya kwa sababu ndiyo yaliyonifundisha heshima. Kila namba mle ina mtu aliyekaa nayo, akairekebisha, akaandika shaka yake kando. Sisi tunaichukua, tunafuta shaka, tunapaka rangi nyekundu, tunaita bidhaa.

"Lakini..."

Nawasikia. Lakini ndege ni ghali. Ni kweli. Kulinganisha na nini, lakini? Setilaiti moja ni ghali zaidi ya kampeni nyingi za ndege, na isipohakikiwa na kipimo cha ndani ya moshi, hujui umenunua nini.

Lakini ndege nazo zinachafua hewa. Ndiyo, kidogo. Miaka ya moto kama 2023 kule Kanada, zaidi ya hekta milioni 15 ziliungua. Ukilinganisha, mafuta ya ndege ya kampeni nzima ni kibiriti.

Lakini zinapima siku chache tu. Hoja nzuri, na ndiyo ngumu kuliko zote. Ndege huruka siku nzuri, mchana, kwenye moto unaofikika, na moto wa kufukiza usiku huikwepa. Kwa hiyo sisemi ndege peke yake inatosha. Ndege ndiyo rula ambayo setilaiti na mitambo ya ardhini hupimwa nayo. Rula huitumii kila dakika, lakini ukiitupa hutajua tena futi ni ngapi.

Lakini tuna vihisi vya bei nafuu. Tunavyo, na navipenda. AirQo ya Chuo Kikuu cha Makerere imefanya kazi ya kujivunia. Lakini hivi navyo hupima mwanga unaotawanywa na vumbi, na moshi huvidanganya. Marekani, vihisi vya PurpleAir vilikuwa vinasoma juu sana, mpaka shirika lao la mazingira likatoa hesabu ya kusahihisha: chukua namba ya kihisi zidisha 0.524, toa unyevu wa hewa mara 0.0862, ongeza 5.75. Maana yake kihisi kikisema 100 na unyevu ni asilimia 40, ukweli ni kama 55. Walijuaje? Waliviweka kando ya mitambo bora. Rula, tena.

Na sisi je?

Hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa. Afrika ndiyo bara linaloungua kuliko yote. Sehemu kubwa ya eneo lote linaloungua duniani kila mwaka iko huku, zaidi ya nusu, hasa savana. Na ndege za kupima zimekuja mara ngapi? SAFARI 2000 kusini mwa Afrika. ORACLES, 2016 mpaka 2018, kutoka Walvis Bay na São Tomé, kupima moshi wa bara ukielea juu ya Atlantiki. Ndege ya Uingereza, BAe-146, ilipima Senegal 2017 na Uganda Januari 2019 ikitokea Entebbe. Zipo na nyingine, lakini ukizilinganisha na ukubwa wa moto ni tone baharini.

Sasa angalia jedwali. Hifadhidata ya mioto inayotumika sana duniani, GFED, katika toleo lake la nne ina makundi sita: savana, msitu wa kaskazini, msitu wa ukanda wa wastani, ufyekaji wa msitu wa tropiki, mboji, na mabaki ya mashamba. Oktoba 2020 Kilimanjaro iliungua. Februari 2022 ikawa zamu ya Aberdare. Kule juu kunaota vichaka vya erika na nyasi za mlimani, kwenye baridi na udongo wenye mboji. Hiyo ni kundi gani? Hakuna. Tarakilishi italazimisha, itachagua savana au msitu, na kizidishi kilichopimwa penye mimea mingine kitatupa namba ya moshi wetu. Na sisi tutaionyesha kwenye simu, na desimali yake!

Nataka nini basi? Mambo matatu.

Kwanza, ewe mwandaaji programu, andika chini ya ramani yako namba imetokana na nini. "Makadirio" ni neno zuri la Kiswahili, halina aibu. Kama kihisi hakipo karibu, sema hakipo. Na shaka ionyeshwe, hata kama mchoro utapungua urembo.

Pili, tuache kusubiri DC-8. Haitakuja, ilistaafu 2024. Lakini Twin Otter ni ndege ndogo, na pale uwanja wa Wilson ndege ndogo zinaruka kutwa kucha kupeleka watalii mbugani. Umeona hesabu ile: kwa kuanzia ni kaboni dayoksaidi, kaboni monoksaidi na chembechembe. Mitambo mitatu, rubani mwenye akili timamu na anayejua kukaa mbali na mwale, na siku chache za kiangazi. Si bure, lakini si kwenda mwezini. Vyuo vikuu vyetu vina wanafizikia na wanakemia. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba kazi hii ni teknolojia pia, hata kama haina kitufe cha kupakua.

Tatu, data ikipatikana iwe wazi, na kichwa cha faili kisomeke. Hapo wanafunzi wa Eldoret na Arusha watakosea kwa -9999 kama nilivyokosea mimi, na watajifunza.

Yule kijana nilimpigia simu jana. Nilimweleza haya yote, akanisikiliza vizuri tu. Mwisho akaniuliza: sasa kaka, kwenye Aberdare niweke kizidishi gani? Nikamwambia ukweli: weka cha savana, kisha uandike kwa herufi kubwa kwamba ni cha kuazima.

Haya, niachie hapo kwa leo. Mwenye Cessna na moyo wa kujitolea anitafute.